Maji ya Kunawa Hayamvunjii Mtu Heshima

Kiswahili ni lugha iliyoyagawa matumizi ya maji kwa uangalifu mkubwa. Mtu huoga mwili, hufua nguo, huosha vyombo, na hunawa mikono. Mgeni anayejifunza lugha hii akisema kwamba amefua mikono yake, watoto humcheka, na wana haki ya kucheka. Tena kitenzi hiki cha kunawa kina mnyambuliko ambao wanafunzi wangu huusahau katika mtihani ingawa huutenda kila siku nyumbani kwao, nao ni kunawisha, yaani kummiminia mwenzio maji ili anawe. Mdogo humnawisha mkubwa. Mwenyeji humnawisha mgeni. Naye mkubwa, awe chifu, mwalimu mkuu au kasisi, hunyoosha mikono yake juu ya beseni pasipo kununa. Sijapata kusikia habari za mgeni aliyeinuka kwa hasira na kuondoka kwa sababu ameletewa birika na beseni, akidai kwamba mwenyeji amemwita mchafu.

Mimi ni mkazi wa Kitengela, katika Kaunti ya Kajiado, nchi ya nyika na ukame, ambako maji huuzwa kwa malori na kwa mikokoteni ya punda, na ambako kila mama aijua bei ya mtungi wa lita 20 kama ajuavyo majina ya wanawe. Hata huku kwetu, ambako tone la maji lina thamani yake, hakuna mwenyeji anayeyawekea hesabu maji ya kumnawisha mgeni.

Nimeanza na sarufi, wasomaji wapenzi, kwa kuwa leo nataka kuwasimulia walimu wenzangu na wanafunzi wao maisha ya daktari mmoja ambaye bahati yake ilikuwa kinyume cha hayo. Alizungukwa na wakubwa walioona kwamba kuambiwa wanawe mikono ni kutukanwa. Kwa ajili ya heshima hiyo wanawake wengi walizikwa wakiwa bado vijana, na mwishowe yeye mwenyewe akafa kwa ugonjwa wa namna ile ile aliyopigana nayo maisha yake yote.

Ignaz Semmelweis alizaliwa tarehe 1 Julai 1818 katika mji wa Buda, ambao leo ni sehemu ya Budapest, mji mkuu wa Hungaria. Baba yake alikuwa mwenye duka la vyakula, na nyumbani kwao kilizungumzwa Kijerumani. Mwaka 1837 alikwenda Vienna, mji mkuu wa dola ya Austria, kusomea sheria. Hakudumu na sheria. Aligeukia udaktari, naye akahitimu mwaka 1844. Alitamani kazi katika matawi mengine ya tiba, lakini nafasi hakuzipata, akaingia katika ukunga. Mwezi wa Julai 1846 akawa msaidizi wa Profesa Johann Klein katika wadi za wazazi za Hospitali Kuu ya Vienna.

Wadi hizo zilikuwa za wanawake maskini, na ziligawanywa sehemu mbili. Katika sehemu ya kwanza walifundishwa wanafunzi wa udaktari. Katika ya pili walifundishwa wakunga. Wanawake walipokewa kwa zamu, siku hii sehemu ya kwanza, siku ifuatayo sehemu ya pili, kwa hiyo aliyeingia huku au kule aliingia kwa bahati ya siku tu. Hata hivyo, tazama hesabu za mwaka 1846. Katika sehemu ya kwanza walizaa wanawake 4,010 na wakafa 459. Katika sehemu ya pili walizaa 3,754 na wakafa 105. Yaani katika kila wanawake 100, upande mmoja walikufa 11, na upande wa pili hawakufika 3. Wengi wa hao waliuawa na homa ya uzazi, ugonjwa uliomshika mama siku chache baada ya kujifungua, tumbo likavimba, mwili ukawaka moto, na damu yake yote ikaharibika.

Jambo hilo halikuwa siri. Wanawake wa mjini walilijua, na waliopangiwa sehemu ya kwanza walilia na kupiga magoti wakiomba wapelekwe ya pili. Wengine walijifungulia njiani kabla ya kufika hospitali, na Semmelweis akagundua jambo la kushangaza: hao waliozalia barabarani, bila daktari wala mkunga, waliugua homa ile kwa nadra kuliko waliozalia mikononi mwa waganga waliosoma.

Kijana huyu hakuwa na uwezo wa kutulia mbele ya hesabu za namna hiyo. Alizichukua sababu zilizokuwa zikitajwa na wakubwa wake, akazipima moja baada ya nyingine. Walisema ni hewa mbaya ya mji. Lakini hewa ya sehemu zote mbili ilikuwa moja. Walisema ni msongamano. Lakini sehemu ya pili ndiyo iliyosongamana zaidi. Wengine walidhani ni hofu, kwa kuwa kasisi aliyekwenda kuwaombea waliokuwa wakifa alipita katikati ya wadi ya kwanza kengele ikilia mbele yake. Semmelweis akamwomba kasisi apite njia nyingine, kimya kimya. Vifo havikupungua. Akabadilisha hata namna wanawake walivyolazwa wakati wa kujifungua. Vifo vikabaki vile vile.

Jibu lilipatikana kwa msiba. Mwezi wa Machi 1847 rafiki yake, Profesa Jakob Kolletschka, alichomwa na kisu cha mwanafunzi walipokuwa wakipasua maiti. Kidonda kilikuwa kidogo, lakini baada ya siku chache profesa alifariki. Semmelweis alikuwa safarini Venice. Aliporudi alisoma taarifa ya uchunguzi wa maiti ya rafiki yake, akaona kwamba mwili wa mwanamume huyo ulikuwa umeharibika kama ilivyoharibika miili ya wanawake waliokufa kwa homa ya uzazi. Hapo akafahamu. Madaktari na wanafunzi wa sehemu ya kwanza walianza asubuhi yao katika chumba cha kupasulia maiti, kisha wakaenda wadini kuwapima akina mama kwa mikono ile ile. Wakunga wa sehemu ya pili hawakupasua maiti. Aliyemchukulia mama mauti hadi kitandani alikuwa daktari wake, tena daktari mwenye bidii kuliko wengine. Semmelweis, ambaye kila asubuhi alipasua maiti ili aujue ugonjwa huu, hakujitoa katika hesabu hiyo. Aliandika baadaye kwamba idadi ya waliokufa kwa mikono yake haijui mwanadamu.

Katikati ya Mei 1847 akaamuru kila anayeingia wadini anawe kwa maji yaliyotiwa klorini. Aliichagua klorini kwa sababu iliondoa harufu ya maiti mikononi, na baadaye akatumia chokaa ya klorini kwa kuwa ilikuwa rahisi zaidi. Mwezi wa Aprili mwaka huo walikuwa wamezaa wanawake 312 na wakafa 57. Mwezi wa Juni walizaa 268 na wakafa 6. Mwezi wa Julai walikufa 3 tu. Katika mwaka mzima wa 1848 walizaa wanawake 3,556 na wakafa 45, karibu sawa na ilivyokuwa kwa wakunga, na kulikuwa na miezi miwili ambayo hakufa hata mmoja.

Kuna kisa kimoja cha Oktoba 1847 ambacho wanafunzi wa uuguzi wangepaswa kukijua kwa moyo. Alilazwa mwanamke mwenye saratani ya mji wa mimba iliyokuwa ikitoa usaha. Kitanda chake kilikuwa cha kwanza katika safu, kwa hiyo yeye ndiye aliyepimwa kwanza kila siku. Madaktari walikuwa wamenawa kwa klorini mlangoni, lakini walipotoka kwake kwenda kwa wa pili, wa tatu na wa nne, walinawa kwa sabuni tu. Katika wanawake 12 waliozaa pamoja naye, 11 wakafa. Tangu siku hiyo Semmelweis akatambua kwamba maiti si chanzo pekee. Kitu kiozacho katika mwili wa mgonjwa aliye hai huweza nacho kuchukuliwa na mkono hadi kitanda cha jirani. Hivyo basi kunawa mlangoni hakutoshi. Sharti mtu anawe baina ya mgonjwa na mgonjwa.

Msomaji atadhani kwamba baada ya hesabu kama hizo mji mzima ulimbeba mabegani. Haikuwa hivyo. Baadhi ya wenzake, kama Ferdinand von Hebra na Josef Škoda, walimtetea kwa maandishi na kwa hotuba. Profesa Klein hakupendezwa. Mwaka 1849 mkataba wa Semmelweis haukuongezwa, naye baada ya kupewa ruhusa ya kufundisha kwa masharti aliyoyaona ya kumdhalilisha, aliondoka Vienna ghafla mnamo Oktoba 1850, akarudi kwao.

Kwa nini alikataliwa? Sababu ya kwanza ni ya elimu. Wakati huo haikujulikana bado kwamba bakteria huleta magonjwa, na Semmelweis hakuweza kueleza ni kitu gani hasa kilichokuwa mikononi. Aliweza tu kuonyesha kwamba kilipoondolewa watu hawakufa. Ya pili ni ya siasa, kwani mwaka 1848 ulikuwa wa mapinduzi katika dola ile, na Mhungaria katika Vienna alitazamwa kwa jicho la shaka. Ya tatu, ambayo kwangu mimi ndiyo kubwa, ni ya heshima. Kumwambia profesa mwenye mvi kwamba mikono yake ndiyo iliyowaua wagonjwa aliowahurumia ni kumwambia neno zito mno. Gustav Adolf Michaelis, daktari wa Kiel huko Ujerumani, alilikubali neno hilo, akakumbuka binamu yake aliyekuwa amemzalisha na aliyekufa kwa homa ya uzazi. Huzuni ilimlemea, naye akajiua mwezi wa Agosti 1848. Wengi wengine walichagua njia nyepesi zaidi. Walikataa kuamini.

Methali yetu yasema kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sijui methali inayosema juu ya mkuu asiyesikia la mdogo, pengine kwa sababu guu linalovunjika hapo si la mkuu.

Nikiwa mwanaisimu, siwezi kunyamaza juu ya lugha ya Semmelweis mwenyewe. Sisi tunafundisha kwamba kauli haipimwi kwa maana yake peke yake; hupimwa pia kwa nani anamwambia nani, wapi, na kwa adabu gani. Semmelweis alichelewa sana kuandika. Alichokigundua mwaka 1847 alikichapa katika kitabu kamili mwaka 1861, baada ya miaka 14. Kitabu hicho ni kirefu, chenye majedwali yenye thamani kubwa, lakini pia chenye kurudiarudia na ugomvi mwingi. Kilipopokewa kwa baridi, alianza kuwaandikia maprofesa barua za wazi akiwaita wauaji. Alikuwa na ukweli mkononi, naye akautupa kama jiwe. Lakini nawaomba wanafunzi wasifanye haraka kumlaumu. Mtu anayeona akina mama wakizikwa kila juma kwa kukosa beseni la maji na chokaa, na ambaye ameeleza kwa upole hakusikizwa, tutamdai adabu ya namna gani?

Huko Pest, ng'ambo ya mto kutoka alikozaliwa, alisimamia wadi ya wazazi katika hospitali ya Mtakatifu Rochus bila mshahara wa maana. Kati ya 1851 na 1855 walizaa humo wanawake 933, na homa ya uzazi ikawaua 8 tu. Mwaka 1855 akawa profesa wa chuo kikuu. Mwaka 1857 akamwoa Maria Weidenhofer, wakajaliwa watoto watano. Kufikia 1865 tabia yake ilikuwa imebadilika mno na akili yake haikutulia. Mwishoni mwa Julai mwaka huo alipelekwa Vienna kwa hila, na Hebra, rafiki yake wa zamani, akamwongoza hadi hospitali ya wagonjwa wa akili. Alipotambua na kutaka kutoka, walinzi walimpiga na kumfunga. Kidonda cha mkononi kikaoza, sumu ikaenea katika damu, na tarehe 13 Agosti 1865 akafariki, mwenye umri wa miaka 47.

Siku moja kabla yake, tarehe 12 Agosti, katika mji wa Glasgow, daktari Joseph Lister alimtibu mvulana aliyevunjika mguu kwa kukifunika kidonda kwa dawa ya kuua viini, na mguu ukapona. Ndiyo iliyokuwa asubuhi ya upasuaji wa kisasa. Mwaka 1879 Louis Pasteur aliwaonyesha wanazuoni wa Paris bakteria wa homa ya uzazi. Leo chuo kikuu cha udaktari cha Budapest kina jina la Semmelweis, nyumba aliyozaliwa ni makumbusho, na mabaki yake yamezikwa humo.

Hapa pengine mwanafunzi wa Kitengela ataniuliza, na ana haki ya kuuliza, kisa hiki cha Ulaya ya zamani kinatuhusu nini. Namjibu kwamba kinatuhusu kuliko kilivyowahusu wazee wetu. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba asilimia 61 ya watoto wa Kenya walizaliwa katika vituo vya afya. Ule wa 2022 ulionyesha asilimia 82. Tumewashawishi mama zetu na dada zetu waache kuzalia nyumbani, na tumefanya vyema, kwa maana hospitalini ndiko kuna tiba ya mama anayevuja damu na ya mtoto aliyekwama. Kaunti ya Kajiado ilihesabiwa kuwa na watu zaidi ya milioni moja katika sensa ya 2019, na Kitengela peke yake zaidi ya 150,000. Hawa wote, siku ya ugonjwa, huelekea mlango mmoja. Mwenye kuwaita watu nyumbani kwake ana deni la kuwapokea kwa mikono safi.

Nao ugonjwa aliokuwa akipigana nao Semmelweis haukuzikwa pamoja naye. Waganga wa leo huuita maambukizi ya bakteria katika mkondo wa damu yanayopatikana hospitalini, yaani yale yanayoanza baada ya mgonjwa kulazwa kwa muda wa saa 48 hivi au zaidi, ambayo hakuja nayo kutoka nyumbani. Hospitali ya Wilaya ya Kilifi, katika pwani yetu, ilifanya jambo ambalo hospitali chache za Afrika zilikuwa zimelifanya, nalo ni lile lile la Semmelweis: ilihesabu. Kwa miaka kadhaa kuanzia 2002 hadi 2009 watafiti waliichunguza damu ya watoto waliolazwa huko, na matokeo yakachapishwa mwaka 2011. Watoto wapatao 6 katika kila 1,000 waliolazwa walipata maambukizi hayo humo humo hospitalini. Idadi hiyo yaonekana ndogo, mpaka uulize waliishia wapi. Katika waliopatwa, asilimia 53 walikufa. Waliokuja na bakteria katika damu kutoka nyumbani walikufa asilimia 24. Na wale ambao damu yao haikuwa na bakteria, asilimia 6.

Ni nani hasa aliye hatarini? Huko Kilifi, mtoto mwenye utapiamlo mkali alikuwa rahisi zaidi kupatwa, na vivyo hivyo mtoto aliyeongezewa damu ilhali upungufu wake haukuwa mkali. Kwingineko duniani madaktari wamewataja watoto wachanga, hasa waliozaliwa kabla ya wakati, wazee, wenye saratani au upungufu wa kinga, waliokaa hospitalini siku nyingi, na wale ambao mwili wao umefunguliwa mlango kwa sindano ya dripu, mpira wa mkojo au mashine ya kupumulia. Mara bakteria wakiisha kuingia, mambo mawili huongeza uwezekano wa kifo: bakteria kuwa sugu kwa dawa zilizopo, na dawa inayofaa kuchelewa kwa kuwa hakuna maabara ya kuotesha damu na kumtambua adui. Bakteria wa hospitalini ndio waliozoea dawa kuliko wenzao wa nje, kwa sababu wameishi nazo chumba kimoja.

Mengi katika hayo hayamo katika uwezo wetu sisi walimu. Maabara yahitaji fedha, na tiba ya utapiamlo yahitaji mvua, mifugo na serikali yenye huruma. Lakini njia kuu ambayo bakteria hao husafiria kutoka kitanda hiki hadi kile ni ile ile ya mwaka 1847. Ni mkono.

Nimewahi kuketi kando ya kitanda cha jamaa yangu katika hospitali moja ambayo sina haja ya kuitaja. Daktari kijana, mpole na mwenye haraka, alikuwa akipita kitanda kwa kitanda, akigusa kidonda hapa na bomba la dripu pale, na bomba la maji lililokuwa ukutani lilikuwa kavu. Shangazi yangu, mwanamke wa miaka sabini na ushee ambaye hakupata kusoma, alimtazama hadi alipofika kwetu. Akainuka, akatoa chupa ya maji na kipande cha sabuni katika kikapu chake, akalivuta beseni, akamwita yule daktari mwanangu, akampa pole kwa kazi nyingi, na kumwuliza kama angependa anawishwe kabla ya kuendelea. Daktari akatabasamu, akainama, akanyoosha mikono. Aliponawa alimshukuru shangazi kwa jina la mama, na alipotoka kwetu nilimwona akimwagiza muuguzi atafute maji kwa ajili ya vitanda vilivyosalia.

Shangazi alilitimiza bila nadharia yoyote lile ambalo Semmelweis aliyekuwa na majedwali yake yote alishindwa kulitimiza. Hakumtuhumu mtu. Aliuchukua mlango ulio wazi katika utamaduni wetu, mlango wa kumnawisha mgeni mheshimiwa, akaupitisha ujumbe humo. Lugha ilikuwa tayari. Ilikosekana tu desturi ya kuichukua kutoka mezani na kuifikisha wadini.

Kwa hiyo pendekezo langu ni hili. Walimu wa Kiswahili, mnapofundisha kauli ya kutendesha, msiishie katika lisha na vesha. Wafundisheni watoto kunawisha, na wafundisheni namna ya kumwomba daktari, muuguzi au mkunga kwa heshima anawe kabla ya kumgusa mgonjwa. Waigize darasani: huyu mgonjwa, huyu mama mzazi, huyu daktari. Mtoto aliyeizoea sentensi hiyo akiwa na miaka 12 hatakosa maneno akiwa na miaka 25 na mimba ya kwanza. Na wanafunzi mtakaokwenda vyuo vya udaktari na uuguzi, jizoezeni tangu sasa kuisikia sentensi hiyo kama ukarimu.

Kwa wasimamizi wa hospitali na zahanati, za Kajiado na za kwingineko, naomba mawili. Kwanza, maji yakiwa adimu, kila kitanda kiwe na chupa ya sanitaiza yenye spiriti ya kutosha, ambayo huua bakteria wengi na haihitaji bomba. Na mikono inapokuwa na uchafu unaoonekana, hapo maji na sabuni havina mbadala. Mwaka 2020, Korona ilipoingia, tuliona mitungi yenye mabomba milangoni pa maduka ya Kitengela hata penye biashara ndogo kabisa. Iliwezekana dukani, haiwezi kushindikana wadini. Pili, hesabuni kama walivyohesabu Vienna na Kilifi, kisha itundikeni hesabu mahali watu wanapoweza kuisoma, katika lugha wanayoielewa.

Na kwa madaktari bingwa, wenye vyeo na wenye mvi, nina neno moja la adabu. Mezani kwetu, birika likiletwa, mkubwa ndiye anayenawa kwanza, na wadogo hufuata mmoja mmoja wakimtazama. Mkiingia wadini na wanafunzi wenu nyuma yenu, naweni kwanza mbele ya wote, kitanda kwa kitanda, wala msingoje kuombwa. Mdogo hatahitaji tena ujasiri wa kuwaambia, na yule mama aliyelala kitanda cha mwisho katika safu ataguswa kwa mikono iliyo safi kama iliyomgusa wa kwanza.